"Mna ile miwani?" Tunayo. Ila soma hapa kwanza

Kila anayetupigia simu siku hizi huanza na miwani. "Nimesikia mna ile miwani ya VR, ya watu wanaohisi wanaandamwa. Mdogo wangu anaweza kuja kuivaa lini?" Haraka hiyo tunaielewa. Mtu aliyemgongea ndugu yake mlango wa chumba kwa miezi, akijibiwa "niache", hana hamu ya maelezo marefu. Lakini tukimvalisha mgonjwa wenu miwani bila nyinyi wala yeye kujua inafanya kazi gani, tutakuwa tumewauzia mchezo wa kompyuta kwa bei ya matibabu. Ndiyo maana tumeandika haya.

Na kwa wanaoshtushwa na jina: VR kwa Kiswahili ni uhalisia pepe, yaani mandhari ya kompyuta unayoyaona ukivaa miwani, na ni pepe ile ile ya barua pepe. Hakuna pepo hapa. Tumeshaulizwa, tena si mara moja.

Tuanze na hofu yenyewe. Mtu mwenye saikosisi anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuona maruweruwe, au kushikilia jambo ambalo ushahidi wote unalikataa. Wengi wanaokuja kwetu wanashikilia kwamba kuna watu wanaowatakia mabaya. Jirani anawarekodi kupitia ukutani. Wenzao kazini wana vikao vya siri. Yule kijana aliyekohoa kituoni alikuwa anampa mwenzake ishara. Ukibishana nao hamfiki popote, na ukiwakubalia unaongeza kuni motoni.

Ushuku, hata hivyo, si wa wagonjwa peke yao. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Daniel Freeman na wenzake walichapisha jaribio la kuvutia. Waliwapandisha watu 200 wa kawaida kwenye behewa la treni ya chini ya ardhi ya London, ila behewa lenyewe lilikuwa la kompyuta, ndani ya miwani. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, kutoka kituo kimoja hadi kingine. Abiria walitengenezwa wasiwe na ubaya wala wema. Wamekaa tu, kama abiria. Watu walipovua miwani, karibu wanne katika kila kumi walikuwa na angalau wazo moja la kushuku: yule alikuwa ananikodolea macho, wale walikuwa wananisema. Wengine waliwaona abiria hao hao kuwa wapole kabisa. Behewa halikubadilika kati ya mtu na mtu, kwa hiyo ubaya aliouona mtu aliingia nao mwenyewe.

Sasa, kwa nini kwa wengi wazo hilo linapita kama upepo, na kwa wengine linakaa miaka?

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Si wachache kati ya wateja wetu waliumwa kweli: walionewa wakiwa watoto, walipigwa, walivamiwa usiku. Shida ni kwamba aliyeumwa hasimami akauchunguza ule ung'ongo. Anakimbia, na akishafika mbali anajiambia amepona kwa sababu alikimbia. Katika kazi yetu vitendo vya namna hiyo tunaviita kinga. Mtu anashusha kofia mpaka kwenye nyusi. Anaweka vipokea sauti masikioni, wala hakuna muziki. Anakwenda dukani dakika tano kabla halijafungwa, anasimama mgongo ukutani, macho hayatoki chini. Anarudi nyumbani salama, na usalama huo anaihesabia kofia; watu aliopishana nao hawapati sifa yoyote. Anaweza kutoka nje kila siku kwa miaka kumi namna hiyo na asijifunze hata mara moja kwamba nje hakukuwa na neno.

Hapo ndipo utafiti mwingine wa timu ya Freeman, huko Oxford, uliochapishwa mwaka 2016, ulipobadilisha namna tunavyofanya kazi. Wagonjwa 30 wenye imani ya kuandamwa waliingizwa kwenye treni na lifti za kompyuta kwa takriban nusu saa. Mandhari yalikuwa yale yale kwa wote. Tofauti ilikuwa maelekezo. Kundi moja lilikaa humo huku likiendelea na kinga zake. Kundi la pili liliambiwa liziweke kinga kando, liwasogelee watu, liwatazame usoni, likajionee kama hatari ipo. Kundi hili la pili ndilo lililolegeza imani yake zaidi, na zaidi ya nusu yao walimaliza siku wakiwa hawana tena ushuku mkali. Walipotoka kwenda mahali halisi, nafuu ilitoka nao. Miwani ile ile, lifti ile ile.

Tulikuwa tumeshausoma utafiti huo, na bado tukakosea. Mteja wetu mmoja, ambaye hatutasema lolote la kumtambulisha, alipita hatua zote za mazoezi ya miwani kama mtu anayekata majani. Lifti tupu, lifti ya watu wawili, lifti iliyojaa pomoni; anatoka hata jasho hana. Tukampongeza. Katika wiki ya tatu mwenzetu aliyekuwa kwenye skrini, ambayo huonyesha kile anachokiona mteja, akatuita tuje tutazame. Skrini ilikuwa imejaa viatu. Viatu vyeusi vya kufunga kamba, raba zilizochakaa, kisigino kimoja chekundu. Jamaa alikuwa amesafiri na umati mzima bila kumwona mtu hata mmoja. Tulipomuuliza alicheka: "Nilijua mkigundua mtaniambia niinue kichwa."

Tukarudi lifti tupu, tukaanza upya. Tangu hapo huwa tunauliza maswali ambayo huwezi kuyajibu ukiwa umeinama. Aliye kushoto kwako kavaa shati la rangi gani? Yule mwenye ndevu anatazama wapi?

Kikao huenda hivi. Kabla hujavaa chochote, unatuambia unachotarajia kitokee, kwa maneno yako mwenyewe: "Nikimtazama yule mwanamume usoni, atanifuata." Unatupa na namba, kati ya 0 na 100, ya jinsi unavyoliamini hilo. Halafu unaingia. Mlango wa lifti unafunguka, na yupo. Shingo inagoma kupanda. Tunangoja, hatukusukumi. Unaanza na mkanda wake, unakwenda kwenye kola, kidevu. Kisha uso, sekunde mbili. Yeye anatazama namba za ghorofa zikibadilika, kama wafanyavyo watu wote kwenye lifti. Unavua, tunaiuliza tena ile namba. Ikiwa imetoka 90 ikafika 75 tunaiandika. Wala hatupigi makofi, maana kesho inaweza kupanda tena na hilo si kosa la mtu.

Jambo la ajabu ni kwamba unajua fika lifti haipo. Mwili haujui. Moyo unakwenda mbio vile vile na viganja vinalowa. Kujua kwamba hapo hakuna wa kukudhuru ndiko kunakokupa ujasiri wa kujaribu usichothubutu mtaani, na kwa kuwa mwili ulishiriki, ulichojifunza hakibaki ndani ya miwani.

Jaribio kubwa la aina hii lilifanyika Uingereza na matokeo yakatoka mwaka 2022. Programu inaitwa gameChange, na wagonjwa waliohusika walikuwa 346, wote wenye saikosisi na hofu ya kutoka nje. Vikao vilikuwa kama sita, vya nusu saa. Ndani ya miwani kuna mkufunzi aliyeundwa kwa kompyuta anayekuelekeza, na pembeni yako anakaa mhudumu wa afya ya akili. Unachagua mwenyewe pa kuanzia: mtaani, kwenye basi, dukani, mgahawani, baa, au chumba cha kusubiri daktari. Watu waliowahi kuugua walishirikishwa kuitengeneza, na sisi tunaona hilo linaonekana ndani yake.

Baada ya wiki sita waliotumia miwani walikuwa wamepunguza kukwepa kutoka kuliko waliobaki na huduma ya kawaida. Waliofaidika hasa ni wale ambao hofu ilikuwa imewafungia ndani kabisa, na kwao nafuu ilikuwa bado ipo baada ya miezi sita. Wenye hofu ya kadiri hawakupata tofauti kubwa. Hili biashara ingetaka tulipitie haraka, lakini ni bora ulisikie kwetu: ikiwa unatoka, unapanda basi, unakwenda dukani kwa wasiwasi tu wa hapa na pale, huenda huihitaji miwani, na tutakwambia hivyo. Hata taasisi inayoishauri huduma ya afya ya umma huko Uingereza, ilipokubali mwaka 2023 programu hiyo itumike, ililenga wenye hofu kali, huku ushahidi zaidi ukiendelea kukusanywa.

Uholanzi nako, mwaka 2018, wagonjwa 116 walishiriki jaribio la tiba kama hii, yenye vikao visivyozidi 16. Ushuku na wasiwasi vilipungua. Muda waliokaa na watu wengine haukuongezeka kwa kiwango cha kuhesabika. Hofu ikiisha haikuletei rafiki mlangoni. Kazi hiyo inabaki, na inafanywa bila miwani.

Kuhusu zile sauti ambazo wengine hawazisikii tunaulizwa sana. Ipo tiba iitwayo AVATAR, aliyoianzisha daktari Julian Leff huko London, ambapo mgonjwa anaitengenezea sauti anayoisikia uso kwenye kompyuta, kisha mtaalamu anazungumza kupitia uso huo na mgonjwa anajifunza kuujibu, kikao hadi kikao, mpaka ubabe wake unapungua. Ni kazi yenye mafunzo yake maalumu na sisi hatuifanyi. Anayekwambia kila miwani inatibu kila kitu, muulize amejifunzia wapi.

Usishangae pia ukija kwa ajili ya miwani ukaulizwa unalala saa ngapi. Mwaka 2017 zaidi ya wanafunzi 3,700 wa vyuo vikuu vya Uingereza walishiriki jaribio la kutibu kukosa usingizi kwa njia ya intaneti. Usingizi wa waliotibiwa ulipotengemaa, ushuku na maruweruwe vilipungua pia. Kwa hiyo kuna wateja tunaowaanzisha na kitanda: saa ya kuamka, mwanga wa asubuhi, simu kukaa mbali. Wanalalamika kwamba hawakuja kwa hilo. Baada ya wiki mbili wengi hulalamika kidogo.

Ya lazima tuyaseme upesi. Dawa ulizoandikiwa na daktari wako endelea nazo. Hatupunguzi wala hatuongezi, na tutaomba ruhusa yako kuwasiliana naye. Mwenye kifafa atuambie kabla. Wengine hupata kichefuchefu ndani ya miwani, hasa mandhari yanapotembea, na hapo tunasimamisha. Na kama mgonjwa anazungumzia kujiua, au sauti zinamwamuru amdhuru mtu, msisubiri miadi yetu. Mpelekeni hospitali leo.

Kwa familia tuna ombi moja, na tunaliomba kwa uzito. Msimlaghai. Tumeletewa watu walioambiwa wanakwenda kupimwa macho, au kumsalimia rafiki wa baba. Mtu anayeamini kuna njama dhidi yake, ukimleta kwa njama umemthibitishia. Kuanzia hapo tunatumia vikao vinne kuomba radhi kwa jambo ambalo hatukulifanya sisi. Mwambieni ukweli, hata akikataa mara tatu. Mwambieni kuna watu wanaosikiliza bila kubishana, na kwamba akitaka kuondoka mlango hautafungwa.

Na yeye akiuliza, kama wengi wanavyouliza, "hiyo miwani si inanirekodi?", msimcheke. Swali ni zuri. Vifaa vingi vya aina hii vina kamera kwa nje ili vijue chumba kilivyo na wewe umesimama wapi. Siku ya kwanza hatuivai kabisa. Inakaa mezani, unaishika, unaigeuza, tunakuonyesha kamera zilipo, na tunakuonyesha kwamba intaneti imezimwa. Skrini tunayoitazama sisi utaigeuza wewe mwenyewe uone inachoonyesha. Mama mmoja aliomba ifungiwe kabatini na ufunguo akae nao yeye. Alikaa nao mpaka kikao cha tatu, akaufungua mlango mwenyewe.