Vitabu tunavyo, mlango wa mtihani ndio hatuna

Mhariri, pole na kazi. Naomba nafasi niseme jambo la sisi wazazi tunaosomesha watoto nyumbani, hii watu wanaita homskuling, maana kila nikilitaja mtaani naambiwa hayo ni mambo ya wazungu ama matajiri wa Nyali. Mimi ni wa Kisauni, mume wangu anaendesha matatu, na sikuanza hii kazi kwa kupenda. Binti yangu ana siko seli (selimundu), ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Kuna term alikosa shule karibu wiki sita, akirudi wenzake washafika mbali, anaitwa mvivu, asubuhi kukiwa na baridi ama jua likimchoma kwa paredi viungo vinaanza kuuma tena na sisi hao hospitali. Nikamtoa akiwa gredi ya 3. Saa hii ako gredi ya 5, siku akiwa mzima tunasoma mpaka saa nane mchana, siku akiumwa namsomea hadithi pale kitandani na mimi hiyo naihesabu ni shule.

Mwaka wa kwanza pesa zilinipotea kwa kukosa mtu wa kuniambia. Nilinunua vitabu vya mtaala wa ng'ambo kwa sababu niliambiwa bila hivyo huwezi kusomesha nyumbani, kumbe dizaini za mtaala wetu KICD, ile taasisi ya serikali inayotengeneza mtaala, wameziweka kwa tovuti yao bure, kila gredi kila somo, zinakuambia mtoto anatakiwa aweze kufanya nini na wewe utamuuliza maswali gani kujua ameelewa. Nilienda saiba nikaprinti kidogo kidogo. Ukishakuwa na hiyo, kitabu cha mtumba ambacho KICD wamekiidhinisha kinatosha kabisa. Mzazi anayeanza leo asinunue kitu chochote kabla hajasoma hizo dizaini, tafadhali.

Na Kiswahili msiseme hakuna vitu. Ubongo Kids ya ndugu zetu wa Tanzania inafundisha hesabu kwa katuni na nyimbo, binti yangu hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, zilishika hapo baada ya mimi kushindwa wiki nzima na maharagwe mezani. African Storybook wana hadithi za watoto za Kiswahili za bure, unazidaunlodi unasoma hata kama bando imeisha. Kuna programu inaitwa Kolibri, unaijaza masomo mara moja mahali penye waifai halafu inafanya kazi bila intaneti, sisi familia nne tunatumia laptop moja kuukuu kwa zamu. Wenye watoto wa mahitaji maalum nao waulize kituo cha EARC kilicho karibu, hicho ni kituo cha elimu cha serikali, pale wanampima mtoto na kukuelekeza, jirani yangu mwenye kijana wa otizim alikaa miaka bila kujua hicho kitu kiko.

Hizo familia nne nimezipata vipi? Kwa bahati tu, mama mmoja tulikutana foleni ya kliniki. Sasa tunakutana maktaba Jumamosi, watoto wanabadilishana vitabu, na juzi tuliwapeleka Fort Jesus, Wareno walianza kuijenga 1593 wakamaliza 1596, watoto wakakaa chini kupiga hesabu ina miaka mingapi mpaka leo na kwa nini kuta ni za mawe ya matumbawe na wala si matofali. Binti yangu alikuwa hajacheza na kundi la watoto tangu atoke shule. Nilimuangalia akikimbia pale uwanjani nikasema kumbe hata sisi wakubwa tulikuwa tunahitaji hii siku.

Lakini mhariri haya yote yanagonga ukuta mahali pamoja, nayo ni tathmini. Mtaala huu mtoto hasubiri mtihani wa mwisho peke yake. Akifika gredi ya 9, alama za kumpeleka sekondari ya juu asilimia 60 inatoka KJSEA, mtihani wa mwisho wa gredi hiyo, 20 inatoka KPSEA, ile tathmini aliyofanya gredi ya 6, na 20 inatoka kwa tathmini za shule za gredi ya 7 na ya 8. Hizo alama za shule zinatumwa na shule kwa potali ya KNEC, baraza la mitihani, na namba yenyewe ya tathmini, ile ya kumtambulisha mtoto huko, anaipata kupitia shule. Sasa wa nyumbani atatumiwa na nani? Nilizunguka shule tatu. Moja waliniambia hawana muda, nyingine hawakunijibu mpaka leo, ya tatu wakasema sawa, nilipe fees zote za term kama mwanafunzi wa kawaida halafu wataandika mtoto yuko darasani. Yaani kila siku namfundisha asidanganye halafu mimi mwenyewe ninunue uongo na risiti. Nilikataa, na usiku huo sikulala kwa sababu sijui kama nimemuokoa ama nimemfungia njia.

Na tuko na hofu ya sheria pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka mzazi ampeleke mtoto shule ama taasisi nyingine ambayo waziri ameidhinisha, ukikosa ni faini ama jela. Ndio maana wengi wanasomesha kimya kimya na hawaombi msaada popote. Mimi sipingi sheria, mtoto kusoma ni haki yake na Katiba kifungu cha 53 kinasema hivyo. Lakini wakati wa korona kuanzia Machi 2020 nchi nzima ilisomea nyumbani kwa redio na simu na hakuna mzazi aliyeitwa mhalifu.

Ombi langu kwa wizara na KNEC ni dogo. Wanaofanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kama watahiniwa binafsi wanapangiwa kituo, sasa basi hata hawa wadogo wapangiwe, hata kama ni shule moja ya serikali kwa kila sabukaunti, tuwasajili hapo kwa majina yao ya kweli, walete kazi zao, wakalie tathmini na wenzao, na afisa wa elimu akitaka kuja nyumbani kukagua tunasoma nini aje, mlango uko wazi na madaftari yote nimeyaweka.

Na wewe mzazi unayesoma hii, kama umewahi kumpatia mtoto wa nyumbani namba ya tathmini bila kudanganya mtu, tafadhali andika kwa ukurasa huu huu utuambie ulianzia ofisi gani. Binti yangu amebakisha mwaka mmoja afike KPSEA.

Mama wa watoto wawili,
Kisauni, Mombasa