Barua kwa Masanja: Kaseti yako imeshinda

Nyakato, Mwanza
14 Septemba 2025

Ndugu yangu Masanja,

Mwangaluka! Huku hatujambo, watoto wamekua, nami nipo ila vidole vimejaa makovu ya risasi ya kulehemu. Ule mtambo wa muziki kwenye gari langu, Carina, sasa unaimba. Ninakuandikia kwa sababu nina radhi ya kukuomba, lakini vumilia kwanza nikupe mkasa wenyewe.

Redio ya gari langu unaijua. Ni ya Kijapani, FM yake inaanzia 76 na kugota 90, stesheni nyingi za hapa mjini haizipati. Nikachukua Raspberry Pi, kile kikompyuta kinachoenea kiganjani, nikajaza nyimbo kwenye kadi yake ya kumbukumbu, nikaweka programu inayoanza kupiga yenyewe umeme ukiingia. Kazi ya Jumamosi moja. Umeme ndio ulionila miezi miwili.

Kikompyuta kinataka volti 5 zilizotulia. Betri ina 12, na injini ikiunguruma zinafika 14 hivi. Nikafunga kifaa cha kupunguza volti kwenye waya wa redio, ule unaopata umeme ufunguo ukiwa ACC, hatua ya kuwasha redio kabla ya injini. Kumbe ukipiga starta waya huo unakatwa kwa muda, nguvu zote ziende kwenye starta! Kikompyuta kinaamka nusu, kinazimika, kinaamka tena. Wiki ya pili kadi ikaharibika, nyimbo zote zikaenda.

Nikajifanya mjanja. Nikavuta waya mwingine kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, ule wa ACC nikauchomeka kwenye pini ya kikompyuta ili kijue gari limezimwa nacho kijizime taratibu. Pini zile zinavumilia volti 3.3. Mimi nikaipa 12. Moshi mwembamba, harufu ya plastiki, kwisha habari. Mke wangu akauliza kama huo ndio wimbo wa kwanza.

Cha pili nilikinunua kwa uchungu, na ujanja nikauacha. Kimerudi kwenye waya wa ACC, kikikatiwa umeme na kikatike, ila kadi nimeifunga isomwe tu, kisiandikwe kitu humo. Mpaka leo nzima.

Ikabaki sauti. Nilifungua redio nikalehemu waya za sauti ndani kwa ndani. Muziki ukatoka, na nyuma yake mlio wa mbu. Ukikanyaga mafuta, mbu naye anapandisha! Ilikuwa kelele ya altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, inapenya kwenye sauti kwa sababu kikompyuta na redio vilikuwa na erthi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, mbili mbalimbali. Nilihamisha erthi mara nne. Mbu yupo.

Ndipo nikaikumbuka ile kaseti yenye waya uliyonipa, nikakucheka kwamba ni mambo ya wazee. Nikaitoa kwenye droo, nikaichomeka kwenye redio, waya wake kwenye kikompyuta. Mbu kimya! Kaseti ile inaipa redio sauti kwa sumaku, hakuna waya wa kikompyuta unaoigusa redio, basi kelele ikakosa pa kupita. Milio ya juu imefifia kidogo, lakini kwa spika zangu hizi nani atajua? Nisamehe, bwana. Ningekusikiliza ningekuwa na pesa yangu.

Jumapili tulikwenda na gari Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo ingetumalizia kaseti pande zote mbili. Sasa kuna daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 tu. Wimbo wa dansi tuliouanza Kigongo haukuwa umefika kwenye sebene, pale magitaa yanapochangamka, tulipotokea Busisi. Nilipaki pembeni ili uishe.

Halafu nina ombi. Zile kaseti za marehemu mzee wako, nitumie na basi nizinakili. Ya dakika 60 inakula dakika 60 zilezile, hakuna njia ya mkato, ila jioni ninazo. Zifunge vizuri, na mwambie kondakta asiziweke karibu na spika, sumaku itazifuta.

Wako,
Kulwa