Mhariri, hizo nahau za Kiingereza mnazotupa nani anaziongea?

Mhariri,

Salamu kwako na timu nzima. Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa kujifunza Kiingereza, hasa kile kiboksi cha nahau ya wiki. Nakipenda, ndo kitu cha kwanza nafungua, ila kiukweli kuna mahali hapajakaa sawa na sisi tunaojifunza hii lugha ukubwani tunalalamika chinichini tu hakuna anayewaandikia, basi acha nijitoe mimi.

Nahau mnazochagua ni zile za kuchekesha. It's raining cats and dogs, paka na mbwa wanadondoka kutoka juu, sawa, tumecheka. Lakini wenye lugha yao siku hizi ni nadra kuwasikia wanasema hivyo, mvua ikiwa kubwa wanasema tu it's pouring, imeisha hiyo. Halafu kick the bucket mkaiandikia maana "kufariki" bila hata neno moja la tahadhari, jamani! Ni kweli ni kufa lakini ni msemo wa utani, mtu akienda nao msibani ni sawasawa na kumwambia mfiwa "pole bwana, nasikia mzee kadanja". Kwa mfiwa unasema passed away, basi. Sasa msomaji ambaye ndo kaikuta kwenu atajuaje? Maana peke yake haitoshi, tunataka kujua nani anamwambia nani na ni wakati gani msemo huo hausemwi kabisa.

Wakati huohuo vile vineno vidogo vinavyotunyonga kila siku hamvigusi. Mfano put. Kila mtu anaijua, ni kuweka, tunaipata mwanzoni kabisa mwa masomo. Haya, put off ni kuahirisha, put out ni kuzima moto, put on ni kuvaa, put up with ni kuvumilia, na ukipiga simu ofisini yule wa mapokezi akikwambia I'll put you through hakuweki popote, anakuunganisha na unayemtafuta. Get ndo usiseme, kuna get over, get by, get along, get away with, yani haziishi. Unapokea imeili ya mstari mmoja, We'll have to put off the meeting until we've looked into this, maneno yote unayajua, hakuna hata moja la kulitafuta kwenye kamusi, na bado umekodoa macho hujui kikao kipo au hakipo. (Hakipo, kimeahirishwa mpaka walichunguze hilo jambo.)

Na hili tatizo sio la jana. Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, alitoa Kiingereza cha kupunguza, maneno 850 tu, akakiita Basic English, nia yake wageni tupumue. Vitenzi karibu vyote alivifyeka akabakiza vichache sana kama put, get, give, take na go, ukitaka kusema kitu unavichanganya na up, off, out na wenzao. Kwenye karatasi maneno ni machache kweli ila mzigo wote umehamia kwenye hiyo michanganyiko, na wakosoaji wakamwambia hivyohivyo. Mimi niko upande wa wakosoaji. Neno postpone mgeni analimeza mara moja, neno moja maana moja limekwisha, shida ni kwamba wenyewe wakikaa wanapiga stori hawasemi postpone, wanasema put off, kwa hiyo huwezi kuzikwepa, lazima mtufundishe.

Sisemi nahau mzifute. Zipo zilizo hai kabisa na hazina mbwembwe ndo maana nadhani mnaziruka: it's up to you, yani uamuzi ni wako, never mind, achana nayo, let's call it a day, tuishie hapa kwa leo, I'm feeling under the weather, sijisikii vizuri. Mtu akizijua hizo anaweza kukaa na watu akaongea. Akijua paka na mbwa atasubiri mvua.

Kingine, muandike msemo ni wa wapi. To table a matter kwa Mwingereza ni kuileta hoja mezani ijadiliwe, kwa Mmarekani ni kuiweka pembeni. Churchill, yule aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alisimulia kwamba kwenye Vita vya Pili vya Dunia wakuu wa majeshi wa pande hizo mbili walibishana muda mrefu kwa sababu ya neno hilo kabla hawajagundua kumbe wote wanataka kitu kilekile, na hao wote lugha ni yao ya kuzaliwa.

Halafu mnatupa nahau mpya kila wiki na ya wiki iliyopita haionekani tena maisha. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha tangu 1885, baada ya kujipima yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, kwamba ulichokariri kinapotea haraka sana mwanzoni kisha kasi inapungua, na ukikirudia kwa kupumzika katikati kinakaa zaidi. Kwa hiyo hata kona ndogo tu ya kurudia zile za nyuma, sio zote, tatu nne zinatosha, ila ziwekwe ndani ya mazungumzo, watu wawili wanaongea, mmoja bosi mmoja mfanyakazi, au marafiki wanachati, tuone neno linavyofanya kazi. Ule mtindo wa neno, alama ya sawasawa, maana, kwa vitenzi hivi hausaidii kitu, get peke yake ingejaza ukurasa.

Na lile zoezi la kujaza nafasi, tafadhali majibu muwe mnayaweka toleo hilohilo, hata kama ni kwa maandishi madogo ya kugeuza gazeti juu chini, maana sio kila mmoja wetu analipata kila wiki na mimi la mwezi uliopita namba 7 mpaka leo sijui kama ni look after au look for.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.