Tizi kali linasingiziwa bure

Mhariri,

Kuna hii habari inazidi kusambaa kwa wanamichezo na nyie juzi mmeirudia kwenye ukurasa wa afya, kwamba ukipiga tizi kali kinga ya mwili inashuka kwa masaa kadhaa na hapo ndo mafua yanapenya. Naomba niipinge, manake vijana wanaogopa mazoezi bure halafu vitu vinavyowaumiza kweli hawahangaiki navyo.

Ilipotoka inajulikana. Baada ya marathoni ya Los Angeles ya 1987, mtafiti David Nieman na wenzake waliwahoji wakimbiaji, asilimia 12.9 wakasema waliugua wiki iliyofuata, ila wakimbiaji wenzao ambao waliomba kushiriki na hawakukimbia ni 2.2 tu. Gepu kubwa, sikatai. Ila ni majibu ya fomu, hakuna aliyepimwa kama ni virusi kweli, na koo likiwasha baada ya kuhema hewa kavu masaa matatu manne, au aleji, mtu anaandika mafua na maisha yanaendelea.

Halafu kuna hili la chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Ukipimwa damu saa moja mbili baada ya mazoezi makali utakuta limfosaiti, aina mojawapo ya chembe hizo, zimeshuka chini ya pale ulipoanzia, ndo watu wakasema zimekufa. Campbell na Turner wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliandika 2018 kwamba nyingi zimehama tu, zimetoka kwenye damu zimeenda mapafuni na kwenye utumbo kusaka wadudu, yaani kinachofanyika ni kuhesabu askari waliobaki kambini wakati wenzao wako lindo halafu useme jeshi limeisha. Wapo wataalamu wanaobishana nao mpaka leo, ila makala yenu haikugusa huo ubishi hata kwa mstari mmoja.

Sasa mbona wanamichezo wanaugua? Jamani angalieni wiki ya mashindano: safari ya usiku, presha, umati, chupa moja ya maji inazunguka timu nzima, na wengine wanajinyima kula ili uzito ushuke. Usingizi ndo usiseme. Kuna utafiti wa Marekani wa 2015, watu waliwekewa virusi vya mafua puani makusudi, waliokuwa wanalala chini ya masaa 6 uwezekano wao wa kupata mafua ulikuwa zaidi ya mara 4 ya waliolala zaidi ya 7, na hapo hakuna aliyekimbizwa hata mita moja.

Kinachonikera zaidi ni makocha wanaomwambia mtu mwenye homa akatoe jasho itapona. Mafua ya puani tu sawa, mazoezi mepesi yanavumilika, ila homa, mwili kuuma, kifua kubana, hapo ni kupumzika kabisa kwa sababu virusi vingine vinashambulia msuli wa moyo na kuna wanamichezo wamedondoka wakafa kwa hilo. Hata homa ikiisha unarudi taratibu, na mapigo ya moyo yakienda ovyo au pumzi ikikata unaenda kupimwa kwanza.

Andikeni hiyo ukurasa mzima, tutaisoma.

Msomaji wenu