Tufundisheni na sisi tunaokesha

Ndugu Mhariri,

Binti yangu ana miaka 9 na ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wazazi wenzangu wanajua masika yakianza hali inakuwaje kwetu: baridi ikiingia tu, maumivu nayo yanabisha hodi, mara miguuni, mara mgongoni, aghalabu usiku wa manane.

Zamani nikimsikia analia nilikuwa nakurupuka. Nawasha taa, nampigia simu wifi, natafuta kadi ya kliniki kumbe nimeishika, nasali kwa sauti huku machozi yananitoka. Usiku mmoja mwaka jana akaniambia, "Mama, kaa kwanza. Ukilia, mimi nazidi kuumwa." Nikakaa, nyayo kwenye sakafu ya saruji. Nikausikia ubaridi wake. Nikavuta pumzi, nikaitoa taratibu, mara tano.

Mpaka leo nafanya hivyo kabla sijamgusa. Nikishatulia naona mambo ambayo nikihangaika hayaonekani: midomo imekauka, hajanywa maji tangu saa kumi, au mwili ni wa moto, basi leo si usiku wa kubaki nyumbani. Homa, kifua kubana, kupumua kwa shida, bandama kuvimba, upande mmoja wa mwili kulegea, hayo ni ya hospitali papo hapo, pumzi zangu tano haziyatibu. Yakiwa maumivu yale tuliyoyazoea, nampa dawa aliyoandikiwa na maji, namkanda goti kwa kitambaa cha uvuguvugu. Nakanda goti tu. Hofu ya kesho ikija, nayo huja kila mara, narudi kwenye goti.

Ombi langu ni kwa wanaoendesha kliniki za sikoseli. Mnatufundisha kuhusu dawa zake, yaani foliki asidi na haidroksiyurea, kuhusu maji mengi na sweta, na tunashukuru. Lakini siku ya kliniki tunakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo benchi hizo hazikosi watu. Tupeni hapo dakika kumi, mama na baba, tufundishwe kujituliza kabla ya kumwinua mtoto.

Na ninyi ndugu zetu mnaokuja usiku, tunawapenda, ila msijae chumbani mkilia. Mmoja achemshe maji, mwingine awabebe wadogo wa mgonjwa.

Mama wa watoto watatu,
Igoma, Mwanza