Ukumbi Umejaa, Mchezo Unafungwa

London

Mpendwa Achieng',

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Huku hatujambo.

Umeniuliza kama kikundi chenu kipunguze wanamuziki ili mchezo ufike Desemba, na kwa nini mchezo wa muziki The Phantom of the Opera ulifungwa New York wakati watu bado walikuwa wanaingia. Jibu ni moja, na liko kwenye daftari lako la hesabu.

Chukua ukumbi wa viti 400, maonyesho manne kila wiki, tikiti Sh2,000. Tuseme kodi ya ukumbi, waigizaji, wanamuziki, mafundi, maleba na matangazo vinakula Sh1,800,000 kwa wiki, na mwenye haki za mchezo anachukua asilimia 10 ya mauzo. Mkiuza tikiti 1,000, hakuna faida wala hasara. Mkiuza 1,200, mnabaki na Sh360,000. Sasa mauzo yalegee, nusu ya hizo 1,200 mziuze kwa bei nusu. Ukumbi utaonekana vilevile, makofi yatakuwa yaleyale, na mtakuwa mmepoteza Sh180,000. Kila Jumatatu angalia kwanza wastani wa bei ya tikiti, idadi ya watu baadaye.

Phantom ulikuwa na wanamuziki 27 na taa kubwa ya kuning'inia yenye uzito wa karibu tani moja. Mzigo huo haupungui wiki watalii wanapokosekana. Tangazo la kufunga lilipotoka Septemba 2022, tikiti zikagombaniwa hata tarehe ikasogezwa kutoka Februari hadi tarehe 16 Aprili 2023. Watu wanapenda kufurika matanga ya mtu waliyesahau kumtembelea. Msije mkaona mauzo ya namna hiyo mkadhani mchezo umefufuka: wengi wa wanunuzi hao wangekuja polepole baadaye, na sasa wamekuja wote pamoja.

Hapa London waliamua vingine. Phantom wa hapa ulisimama kwa ajili ya korona, na uliporudi Julai 2021 orkestra ilikuwa na watu 14 badala ya 27. Mchezo mwingine wa muziki wa hapa, Les Misérables, nao ulifungwa Julai 2019 ukarudi na jukwaa jipya lisilo na ile sakafu ya kuzunguka. Wote wawili walikata wakati mlango umefungwa, kukiwa na muda wa kuandika muziki upya na kufanya mazoezi. Kukata huku maonyesho yanaendelea ni hatari, na hicho ndicho nyinyi mnachotaka kufanya.

Tuseme mnaondoa wanamuziki wanne wanaolipwa Sh5,000 kila onyesho. Mmeokoa Sh80,000 kwa wiki, sawa na tikiti 44 tu. Kutoka hapo mtoe malipo ya anayepanga muziki upya, na mwenye haki lazima akubali kwanza. Mpiga filimbi aliyebaki sasa anashika na klarineti, na kama kati ya ala moja na nyingine kuna mipigo miwili tu ya muziki, atachelewa kila usiku. Violini zikiwa sita, mmoja akiugua hakuna anayegundua. Ikibaki moja, kila mtu atasikia.

Kwa waigizaji wa kundi ni hatari zaidi. Hao ndio huwa wanashika nafasi za wahusika wakuu wakiumwa. Ukiwapunguza, homa moja inafuta onyesho zima na unarudisha pesa za watu 400.

Mimi ningefuta kwanza onyesho la Alhamisi, kama ndilo tupu, na kujadili upya mkataba wa ukumbi. Mkikataliwa, fungeni mkiwa bado na akiba. Kusomba jukwaa, kurudisha taa za kukodi na kulipa ghala kunadai pesa baada ya tikiti ya mwisho kuuzwa.

Na pesa za tikiti za mbele zinazoingia kwa M-Pesa zihamishie akaunti yake peke yake, zisiguswe mpaka onyesho lake lipite. Kikundi kikizitumia kulipa madeni ya mwezi uliopita, hakiwezi tena hata kufunga, kwa sababu hakina cha kuwarudishia watazamaji.

Nitumie mkataba wa ukumbi, hasa ukurasa unaotaja siku za notisi. Mwambie mama nitapiga simu Jumapili.

Kaka yako,
Otieno