Nukta zinapotea: angalieni resolusheni kabla ya kupiga picha hati za wazee

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Unguja na Pemba kuhusu hizi picha za karatasi za wazee tunazopiga siku hizi, maana nia ni njema kabisa lakini picha nyingi hazifai. Mtu anatoa sandukuni hati ya shamba la mikarafuu au nasaba ya ukoo au barua za khati ya kiarabu anapeleka steshenari, pale kuna kamera imefungwa juu ya meza imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, kijana anabonyeza, anakutilia kwenye fleshi, unalipa unaondoka. Karatasi inarudi sandukuni, na unyevu wa kwetu na mchwa tunavijua, ikifika siku imeoza ndio hiyo picha tu iliobakia.

Nimeletewa picha moja ya hati ya shamba la Pemba nisome jina la muuzaji. Ikiwa ndogo kiooni inaonekana safi, ukiivuta hamna kitu. Aliesoma chuo cha Kurani anajua, herufi ya be ina nukta moja chini, te mbili juu, the tatu, ukishaondoa nukta katikati ya neno zote ni jino moja tu. Sasa pale nukta zimegandana zimekuwa doa, jina linasomeka namna mbili au tatu, na kwenye hati ya shamba hilo si jambo dogo wallahi. Kuangalia vipimo vya faili, pikseli 640 kwa 480! Pikseli ndio vile vidoa vidogo vinavyounda picha, na wingi wake ndio resolusheni. Nikenda kuuliza dukani, kamera yao inatoa 1920 kwa 1080.

Programu nyingi za kunasa picha ukizifungua mara ya mwanzo zinaanza na 640 kwa 480, saizi ya zama za VGA, kiwango cha vioo vya kompyuta cha 1987, kwa sababu ni nyepesi na karibu kila kamera inaikubali. Hiyo ni pikseli laki tatu na kidogo, wakati 1920 kwa 1080 ni zaidi ya milioni mbili. Na programu haikuulizi wala haikwambii, lazima uingie mwenyewe kwenye setingi, pengi pameandikwa Resolution au Output Size, uchague kubwa kabisa ambayo kamera yenyewe inayo. Nasema yenyewe kwa sababu zipo kamera boksi lake limeandikwa megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, na ndani mna 2 tu, zilobaki programu inajazia kwa kukisia, na nukta ambayo kamera haikuiona haikisiwi.

Wengine wakiweka kubwa wanaona picha inakwamakwama basi wanairudisha ndogo. Jamani, waya wa USB 2.0 haumudu kupitisha fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde za saizi hiyo bila kubanwa, ndio maana inakwama, lakini karatasi haitembei, fremu 5 kwa sekunde zinatosha sana.

Jengine ni umbo la fremu, yaani upana wa picha kwa kimo chake. Kamera ikiwa 16 kwa 9 na fremu ya programu umeiwacha 4 kwa 3, ama itakata pembeni, na pembeni ndiko kwenye saini za mashahidi, ama itabana herufi ziwe nyembamba. Zilingane. Na karatasi ilazwe kwa upana kama ilivyo fremu, picha utaizungusha baadae: A4 ikisimama wima kwenye 1920 kwa 1080 unapata kama pikseli 92 kwa inchi, ukiilaza 130. Simu yenye 3264 kwa 2448 inafika karibu 280, kwa hiyo mara nyingi simu ya mfukoni inaishinda ile kamera ya mezani, ila weka 4 kwa 3 na usiitume WhatsApp kama picha, inapunguzwa, itume kama dokyumenti.

Mkusanyo wa maandishi ya kiarabu ulioko Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani uliingizwa na UNESCO kwenye rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, na ni haki yetu kujivunia. Hizi za majumbani hazina mtunzaji ila sisi wenyewe.

Wenye maduka nakuombeni mubadilishe hiyo setingi leo hii, ni kazi ya dakika moja na haina gharama. Na wewe mteja usitoke dukani hujafungua faili pale pale, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties kisha Details, soma vipimo, halafu ivute picha mpaka uzione nukta moja moja. Kama hazionekani mwambie apige tena, karatasi si bado unayo mkononi.

Msomaji wenu,
Mkunazini, Unguja